Kibla iko wapi humu? Mwanga wa kompyuta na chumba cha Moa

Picha ilitufikia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo siku ya Ijumaa, baada ya swala. Sebule. Ukuta mweupe, sakafu ya marumaru inayong'aa, kochi la kijivu, kapu la ukili pembeni kama pambo, na dirisha la alumini linaloanzia karibu na sakafu. Kutoka dirishani jua limelala sakafuni, refu, rangi ya asali, mpaka kwenye miguu ya kochi. Chini yake ndugu yetu anayechora ramani za nyumba pale Tanga mjini aliandika maneno manne tu: Nyumba mpya ya Bibi.

Haikupita saa moja, mashaallah zikajaa. Shangazi mmoja wa Mombasa akatuma sauti akilia. Na ule ubishi wetu wa miaka miwili, kwamba nyumba ya zamani ya Moa ivunjwe au itengenezwe, ukaisha pale pale. Hakuna hoja iliyoumaliza. Picha ndiyo iliyoumaliza.

Mimi riziki yangu ni maneno. Nimeandika makala za maneno elfu mbili zisizombadilisha mawazo hata mtu mmoja, kwa hiyo nisiseme uongo: niliona wivu. Halafu nikajiuliza, hivi picha kama hii ni nini hasa? Ziko kwenye mabango ya wauza viwanja, kwenye kuta za maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye simu za watu ambao hawajawahi kumaliza riwaya hata moja. Zinasimulia maisha ambayo bado hayajaishiwa, na mtazamaji anajiweka humo ndani. Hiyo ni hadithi ya kubuni, na huenda ndiyo inayosomwa kuliko zote nchini kwa sasa. Ila haina mhakiki. Riwaya ikitoka tunaichambua mpaka mifupa, lakini picha inayomfanya mtu auze ng'ombe tunaiwekea kidole gumba tu. Basi leo naihakiki.

Tuanze kwa kumpa fundi haki yake. Kuufanya mwanga wa mchana uonekane wa kweli ndani ya chumba ambacho hakipo si kazi ya kitoto. Zamani mchoraji wa kompyuta alitega taa za uongo hapa na pale kwa kukisia, na vyumba vilionekana kama duka la plastiki. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa njia ya kukokotoa mwanga unaotoka ukuta huu kwenda ukuta ule, wakiijaribu kwenye kisanduku kitupu tu. Miaka miwili baadaye, 1986, James Kajiya akaandika mlinganyo ambao mpaka leo ndio msingi wa kazi yote hii. Ukiutoa alama zake za hesabu unasema jambo ambalo hata mtoto atalikubali: mwanga unaotoka mahali fulani ni ule ambao mahali hapo panautoa penyewe, jumlisha ule ambao panaupokea kutoka pande zote na kuurudisha.

Balaa liko kwenye hayo maneno mawili, "pande zote". Ukuta unapokea kutoka sakafuni, sakafu inapokea kutoka darini, dari inapokea kutoka ukutani, na mzunguko hauna mwisho. Kompyuta haiwezi kuhesabu njia zote, kwa hiyo inapiga ramli. Inarusha miale kwa bahati nasibu kutoka kwenye kamera kurudi chumbani, inaifuata ikidunda huku na huku mpaka ikutane na jua au anga, kisha inatafuta wastani. Inafanya hivyo mara mia, mara elfu, kwa kila nukta ya picha. Pale ambapo miale haijatosha unaona chengachenga, zile zile za televisheni ya zamani antena ikipigwa na upepo.

Na ufundi huu si mali ya studio za Hollywood peke yao tena. Programu ya Blender, inayopatikana bure, ilipata kikokotozi cha namna hii mwaka 2011, kinaitwa Cycles. Kijana wa Tanga mwenye laptopu ya mtumba anatumia kanuni zile zile za mwanga wanazotumia watengenezaji wa filamu kubwa. Hilo silichukulii kijuujuu. Ndugu yetu alikesha usiku wawili kwa picha ile, na ukiiangalia unaona: rangi ya kapu la ukili imeupaka ukuta wa jirani yake kidogo sana, kama inavyofanya kwenye maisha. Mtu asiyependa kazi yake hahangaiki na hilo.

Wiki mbili baadaye nikaenda Moa. Unaiacha barabara ya Horohoro, unaelekea pwani, mpaka unaanza kusikia harufu ya mikoko. Nikamkuta Bibi barazani, nikamwamkia, nikampa simu aone. Akaisogeza karibu na jicho la kulia, akaipeleka mbali, akairudisha. Nikangoja mashaallah ya ishirini na nne.

"Mume wangu," akaniuliza, maana ndivyo anavyotuita wajukuu wake wa kiume, "humu kibla iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia ndugu yetu, nikaweka sauti kubwa. Akajibu kwa adabu, "Shikamoo Bibi. Dirisha kubwa linaangalia kusini, kwa hiyo kibla ni ule ukuta wa nyuma, nyuma ya anayetazama."

"Marahaba. Basi hilo si jua," Bibi akasema. "Labda mmewasha taa."

Tukacheka wote watatu. Usiku, nilipokaa na karatasi na kalamu, sikucheka tena.

Moa iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Maka iko kaskazini yetu karibu kabisa, ndiyo maana kwa mtu wa pwani hii kibla na kaskazini ni jambo moja, na mtu anayeswali mara tano kwa siku anatembea na dira kifuani. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi adhuhuri huwa linaegemea kusini, miezi mingine linaegemea kaskazini, lakini halilali. Hata Juni, linapokuwa mbali nasi kuliko wakati wowote, adhuhuri linasimama nyuzi 61 au 62 juu ya upeo wa macho. Kwa dirisha la ukubwa wowote, jua la namna hiyo linagusa kizingiti na sakafu kidogo, basi. Haliingii sebuleni kukaa.

Mwanga wa picha ile, ukipima kivuli cha kochi, unatoka kwenye jua lililo nyuzi kama 25 tu. Kwetu jua linakuwa chini hivyo mnamo saa mbili asubuhi na tena kwenye saa kumi na nusu jioni, na nyakati hizo liko mashariki au magharibi. Haliwezi kulikabili dirisha la kusini uso kwa uso, si mwezi huu, si mwezi wowote wa mwaka. Jua hilo lipo kweli duniani, ila ni la watu wengine: la mji wa kaskazini ya mbali, wakati wa baridi, ambako dirisha la kusini ni neema na mwanga mrefu sakafuni ni jambo la kufurahia kwa sababu ni adimu. Ndugu yetu alichukua picha ya anga kutoka maktaba ya bure, kama wanavyofanya wengi, akaizungusha mpaka ikapendeza. Programu yenyewe inamruhusu mtu aweke latitudo, tarehe na saa. Hakuna aliyemwomba aweke za Moa.

Utasema, sasa wewe, hiyo ni picha ya kuuzia wazo, si ya falaki. Sawa. Lakini angalia inachouza. Tumeuziwa dirisha kwa ajili ya jua ambalo halitakuja, na tutakachopata kupitia dirisha hilo hilo ni joto na macho ya wapita njia.

Mwanga wa Moa hauingii ndani kwa kunyooka. Unaanguka uwanjani kwanza. Uwanja wa nyumba ya pwani ni mchanga mweupe uliofagiliwa alfajiri mistari mistari, na mchanga huo unaurudisha mwanga juu, kupitia mlangoni, mpaka darini. Chumba kinapata mwanga kutoka chini. Ndiyo maana mtu akisimama mlangoni chumba kizima kinapungua, na ndiyo maana ukiweka beseni la maji kwenye kizingiti, dari inaanza kucheza. Ufagio wa asubuhi ni sehemu ya taa za nyumba. Uwanja ukijaa majani, ndani kunafifia. Bibi anajua, ndiyo maana anagomba.

Kwenye picha ya sebule hakuna uwanja. Nilimuuliza ndugu yetu, akanifungulia faili: nje ya dirisha hamna ardhi kabisa. Nyumba inaelea katikati ya picha ya mawingu. Nikamkumbuka Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii, mzaliwa wa Vibambani, aliyechapisha Kusadikika mwaka 1951, kitabu cha nchi iliyo angani. Yeye aliiweka angani kwa makusudi, ili aweze kuisema nchi ya chini. Sisi tumejengewa Kusadikika kwa bahati mbaya, na tunaichangia saruji.

Halafu kuna suala la kuta. Ukuta uliopakwa chokaa safi hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Ukuta wa udongo mkavu, tuseme asilimia 30. Tofauti inaonekana ya kawaida mpaka mwanga udunde mara nne, kama unavyodunda ndani ya chumba. Kwenye chokaa, zidisha 0.8 kwa yenyewe mara nne, unabaki na asilimia 41. Kwenye udongo, 0.3 mara nne, unabaki na chini ya asilimia 1. Vyumba viwili vya ukubwa mmoja, dirisha moja, jua moja: kimoja kinaogelea kwenye mwanga, kingine ni utusitusi. Kumbe tunachokiita "giza la nyumba za zamani" si laana ya mababu. Ni kuzidisha. Ndoo mbili za chokaa zingebadilisha jibu kabla hatujagusa nyundo. Hoja hii nilikuwa nayo miaka miwili yote ya ubishi, ila sikujua kuisema.

Nikamwomba ndugu yetu kitu kimoja: achore chumba cha Bibi cha sasa, kama kilivyo, kwa jua la Moa. Nilimlipa, ijulikane. Nikapima mwenyewe kwa futi ya fundi. Chumba kina kidirisha kimoja cha mbao cha upana wa mkono, mlango wa pazia unaotokea ukumbini, kuta za udongo na mawe ya matumbawe, kitanda cha kamba, kasha, mtungi. Paa ni bati lililohamishwa kutoka nyumba nyingine, kwa hiyo lina matundu ya misumari ya kwanza.

Matundu hayo ndiyo utoto wangu. Jua likipita kwenye tundu, haijalishi tundu ni la mraba au limechanika, chini linaangusha duara. Duara hilo ni picha ya jua lenyewe. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefariki karibu mwaka 1040, aliliandikia risala suala hili akichunguza umbo la jua wakati wa kupatwa. Sisi tulilisoma sakafuni. Kutoka paa la mita 3 duara linakuwa na upana wa karibu sentimita 3, na mchana linatembea zaidi ya sentimita 1 kwa dakika. Ukikaa kimya unaliona likienda. Bibi alikuwa na alama ya mkaa kwenye mguu wa kitanda: duara likigusa hapo, adhuhuri imekaribia, na misimu ikibadilika anaihamisha alama. Siku ya tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokuwa wamekusanyika Rujewa kule Mbeya kuangalia jua likipatwa, mimi nilikuwa Moa. Saa sita za mchana sakafu ya chumba kile ilijaa hilali. Makumi ya hilali ndogo, zote zimeelekea upande mmoja, juu ya mkeka.

Sasa, chumba hiki kiliiua laptopu ya watu. Sebule ya kioo ilikuwa imekwisha kwa usiku wawili. Chumba cha Bibi kilikwenda usiku wa tano bado ni chengachenga tupu. Sababu ni ile ile ramli. Mwale unaorushwa kwa bahati nasibu ndani ya sebule yenye dirisha kubwa unakutana na anga haraka. Ndani ya chumba chenye kidirisha cha upana wa mkono unadunda, unadunda, unakufa ukutani bila kuona nje. Kulipata tundu la msumari ni kama kutupa punje ya mtama gizani ukitegemea iingie kwenye chupa. Mafundi wana mbinu zao za kuielekeza miale kwenye nafasi za mwanga, naye alizitumia. Bado ilikuwa ghali.

Nataka tulione hili vizuri, maana halimo kwenye kanuni yoyote lakini lina matokeo. Mashine inavipenda vyumba vyenye vioo vikubwa na kuta nyeupe kwa sababu kwake ni rahisi. Vyumba vya namna hiyo vinatoka vikiwa safi, vinasambaa, vinakuwa ndiyo sura ya "nyumba nzuri". Chumba cha kidirisha na udongo kinagharimu usiku mwingi zaidi, kwa hiyo hakichorwi. Maskini analipa zaidi hata kwenye hesabu za mwanga.

Mwishowe akatumia kisafishaji cha akili bandia, kinachokisia sura ya picha ilivyotakiwa kuwa na kufuta chengachenga. Vinafanya kazi ya ajabu. Ila kwenye ukuta wa Bibi kuna alama za vidole vya aliyeukandika, safu kwa safu, na ndugu yetu alikuwa amezichora moja moja kutokana na picha zangu. Kisafishaji kiliziona ni chengachenga nyingine, kikazifuta. Ukuta ukatoka laini kama keki. Aliyeukandika ukuta ule ni mama yake Bibi.

Makosa ya namna hii hayakuanza na ndugu yetu. Hata kazi zilizo makini kuliko zote zina kishawishi chake. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza magofu ya pwani yetu, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakiwemo, na kazi hiyo ni hazina. Wimbi likiumeza ukuta kesho, vipimo vipo. Lakini leza hupima kilichopo, na kilichopo hakina paa. Ukizunguka kwenye modeli ya nyumba iliyobomoka unauona mchana umemwagika mpaka chumba cha ndani kabisa, kama unavyouona ukienda mwenyewe kwenye msikiti wa Tongoni, kusini mwa Tanga. Nyumba ya mawe ya Mswahili haikuwa hivyo. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, mita 3 haikufika kirahisi, na vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine. Kule Lamu unaanza na daka, unapita tekani, unafika kiwanda penye anga, halafu misana, halafu ndani. Kila hatua mwanga unapungua na watu wanaoruhusiwa wanapungua. Mwanga ulikuwa unasema nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Anayezijua nyumba hizo kwa magofu tu amesoma kitabu kilichong'olewa jalada na nusu ya kurasa.

Hapa ndipo ninapoona kazi ambayo maneno bado yanaifanya kuliko picha. Kiswahili kina neno kiwi. Unatoka juani unaingia ndani, macho yanapigwa kiwi, kwa muda huoni kitu. Nje adhuhuri kuna kama luksi laki moja. Chumbani kwa Bibi hazifiki hamsini. Jicho linahitaji dakika kadhaa kuvuka umbali huo. Kwanza unaona weupe wa chandarua, halafu mtungi, halafu kasha, na mwisho unamwona Bibi, ambaye amekuona tangu ukiwa uwanjani na ameshajua umekonda. Nadhani hata hodi yetu inaishi humo. Unaita kwa sauti kwa sababu huwezi kuona ndani, na unaitikiwa kwa sauti kabla ya kuona uso. Aliye gizani ana haki ya kukuona kwanza.

Picha ya kompyuta haina kiwi. Ina jicho ambalo limeshazoea, linaona nje na ndani kwa pamoja, linaingia bila hodi. Sentensi inaweza kukungojesha mlangoni. Abdulrazak Gurnah anajua hilo. Kwenye Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel, kuna bustani yenye ukuta na vioo vilivyotundikwa humo, na mwanamke aliye ndani ya nyumba anamtazama kijana Yusuf kupitia vioo hivyo. Muda mrefu sisi wasomaji tuko bustanini na Yusuf, kwenye mwanga, tukionwa. Hata programu nzuri kiasi gani ikikuchorea bustani ile na vioo vyake, kila mnururisho mahali pake, itakachokosa ni hicho: kungojeshwa usijue nani anakutazama.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Mwandishi amtetee bibi yake, giza lishinde, kila mtu arudi nyumbani na fahari yake. Mjapani Tanizaki alishaandika mwaka 1933 kitabu kizima cha kulisifu giza la nyumba za kwao, na kila mwenye shahada ya fasihi hulitaja bila kuombwa. Lakini nikakumbuka Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980. Pale kuna nyumba iliyofungwa, na Bwana Maksuudi amewafungia humo mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Utusitusi wa nyumba ile si sanaa. Ni ufunguo ulio mfukoni mwa mwanamume. Mwandishi huyo huyo mwaka 1988 alikiita kitabu kingine Kiza Katika Nuru, na nimekuwa nikiligeuza jina hilo kichwani siku zote nilizoandika makala hii. Nani hasa anafaidi uzuri wa giza? Mimi ninayelala humo siku mbili kwa mwaka?

Nikarudi kwa Bibi na picha ya pili, ile ya chumba chake. Nilikuwa na uhakika atafurahi. Duara za jua zilikuwa mahali pake, pembe ya jua ni ya Machi, kibla kiko kibla. Akaitazama kwa jicho la kulia muda mrefu.

"Ndicho," akasema. "Pazuri. Lakini mume wangu, mimi humu sioni."

Akanieleza bila haraka, kama mtu anayefundisha mtoto. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, la kulia linaanza. Mchele hawezi kuchagua ndani, anatoka nao nje hata mvua ikinyesha. Mwaka wa jana alikanyaga kibatari. Zile duara za bati mimi naziita utoto. Yeye anaziita sufuria tano za kukingia masika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na naitoa kwa picha zote mbili. Ya kwanza ina uongo kuhusu jua na ukweli kuhusu haja: mtu mzima mwenye macho mabovu anahitaji mwanga, na mchoraji peke yake kati yetu ndiye aliyempa. Ya pili ina ukweli kuhusu jua, lakini iliagizwa na mtu asiyelala pale, na ukiitazama sana unauona huo uvivu wangu wa kupenda. Kosa lao ni moja. Ndani hamna mtu. Sebule haina anayefunga pazia saa nane. Chumba hakina anayechagua mchele. Mwanga umekokotolewa mpaka nukta ya mwisho na hakuna aliyeuliza ni wa kumwonyesha nani nini.

Wachoraji wetu wananiudhi kwa jambo dogo linalorekebishika: weka latitudo yako, chora uwanja, uliza kibla. Vipo vitufe vya hayo yote. Sisi waandishi kosa letu ni kubwa zaidi. Tumewaachia watu wa ramani hadithi yote ya namna ya kuishi, halafu tunakuja baadaye kulalamika na nukuu mkononi.

Nyumba inavunjwa baada ya mvua za vuli. Ramani imebadilika, na aliyeibadilisha ni mwenyewe, kaka yetu akichora na yeye akielekeza kwa simu. Sebule ya wageni itabaki na dirisha lake la alumini, "watoto wa Mombasa wapige picha," ila limehamishwa kutoka kusini. Chumba chake kitapakwa chokaa. Kina madirisha mawili ya mbao, moja mashariki kwa ajili ya asubuhi, la pili upande wa uwanja, na hilo ameagiza lishuke chini kuliko kawaida, usawa wa mtu aliyekaa mkekani. Fundi aliuliza kwa nini chini hivyo. Akamwambia mchanga ndio unaoleta mwanga, na yeye mchele anauchagulia chini.